Nyekundu au Kijani: Mafuta ya Tronsoneze na Milango Miwili ya Koko Feza

Wiki iliyopita mmoja wenu, nyinyi vijana mnaofungua vibanda vya mafuta pale Ndosho, alinifuata hapa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, ninakopumzikia. Aliketi, akakataa chai, akaniuliza bila hata kunijulia hali: "Mama Aziza, kwa tronsoneze, mafuta ya muzuri iko ya rangi gani?"

Nilitaka kulia, kisha nikatafuta kandambili yangu ili nimpige. Zaidi ya miaka ishirini nimewauzia watu wa tronsoneze, zile mashine za kukatia miti, oili ya kuchanganya na esansi, yaani petroli. Swali la rangi ndilo lililonipa jina, likanipotezea wateja wawili, na nusura limuue bibi kizee wa Lac Vert ambaye hakuwahi kununua kwangu hata tone moja. Kwa hiyo nitawajibu nyote pamoja, mara moja tu. Anayechoka aondoke polepole, maana mimi nikikatizwa huanza upya.

Kwanza mjue mnachouza. Gari lina mahali pake pa kuwekea oili, linakaa nayo miezi. Tronsoneze haina. Inakunywa oili yake humohumo ndani ya esansi, inaichoma, inaitoa kuwa moshi, inadai nyingine. Ukiipa esansi tupu itanguruma kwa furaha dakika chache, sauti itapanda vizuri sana, mwenye mashine atatabasamu, halafu kimya. Pistoni imeng'ang'ania silinda na hakuna maombi ya kuiachanisha. Sauti ile nzuri ya mwisho nimeisikia mara nne maishani, na kila mara palikuwa na mtu pembeni akisema, "Ona sasa, iko natembea muzuri!"

Aliyenifundisha kazi ni baba yangu mdogo, Rajabu, mwenye kibanda. Wazee wake walitoka Maniema na biashara ya nguo, yeye akaangukia kwenye oili. Aliuza kitu kichafu kuliko vyote mtaani akiwa amevaa kanzu nyeupe, na sikuwahi kuona doa kwenye kanzu hiyo. Madoa yote yalikuwa yangu.

Kipimo chake kilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto, ile ya mililita mia moja. Chupa moja ya oili kwa bidoni ya lita tano za esansi, basi, mashine nyingi za siku hizi zinaridhika na hivyo. Zile kuukuu zinataka chupa mbili. Ukiwa na shaka, soma kitabu cha mashine, usimwulize mwenye mashine, maana atakuambia alichoota. Na usichanganyie ndani ya tangi. Chukua bidoni, tia nusu ya esansi, mimina oili yote, tikisa, ongeza esansi iliyobaki, tikisa tena mpaka mkono uume.

Mwaka wangu wa kwanza sikuosha chupa vizuri, dawa ya kikohozi ikabaki chini. Mteja akarudi na malalamiko kwamba mashine inakata kidogo, inazimika, inakata kidogo, inazimika. Baba mdogo akainusa bidoni, akanitupia jicho, akamwambia yule mteja bila kucheka: "Papa, mashine yako ilikuwa na kikohozi. Leta hiyo bidoni nikupe ingine." Mteja aliondoka akishukuru. Mimi nilioshwa kwa maneno mpaka alasiri, na chupa niliiosha mara saba.

Mteja akija na shida, msiangalie uso wake, mwambieni afungue buji, ile plagi ya kutoa cheche. Ncha ya buji ikiwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, mwache aende zake kwa amani. Ikiwa nyeupe, mashine inaungua, aipumzishe kwanza mtafute sababu. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, imelishwa oili kupita kiasi, au kisafisha hewa kimeziba kwa unga wa mbao. Hicho kisafisha hewa mkikumbuke, kitarudi mbele. Rangi ya buji ndiyo rangi ninayoiheshimu.

Oili ya gari msiuzie tronsoneze, hata mteja akipiga magoti. Oili iliyokwisha kutumika, ile nyeusi wanayoimwaga kutoka kwenye magari, msiiguse kabisa. Na mjihadhari na oili ya kanoti, zile boti za mashine, maana huo ndio mtego wa mji wenye ziwa. Nayo ni ya kuchanganya na esansi, chupa imeandikwa vilevile, bei yake inavutia. Lakini mashine ya kanoti inapozwa na ziwa zima la Kivu, wakati tronsoneze inapozwa na upepo tu, juu ya mlima, mikononi mwa mtu aliyekasirika. Joto lao si moja. Tafuteni chupa iliyochorwa msumeno, au iliyoandikwa kwamba ni ya mashine zinazopozwa kwa hewa.

Kuna fundi wa mbao aliyeishiwa oili yake nyekundu akatia mawese ya mke wake. Aliniambia kwa kiburi kabisa: "Rouge ni rouge." Kwetu rangi tunazitaja hivyo, kwa Kifaransa: rouge ni nyekundu, vert ni kijani. Mashine yake ilitembea karibu nusu saa. Moshi ulinukia sombe, kisamvu cha sikukuu, na majirani watatu walitokea na sahani. Mmoja wao alikasirika kweli alipoonyeshwa mti. Mimi nilikwangua masizi kwenye bomba la moshi la mashine hiyo kwa kijiko, siku mbili, nikiwa na njaa.

Sasa hiyo rangi mliyonijia nayo.

Oili tuliyoipokea kwenye pipa ilikuwa na umanjano hafifu sana, karibu haina rangi. Baba mdogo aliamua kuitia nyekundu. Alianza na rangi ya nguo, ikazama chini ya pipa ikakataa kabisa kuyeyuka. Kisha akapata kwa jirani yetu, fundi wa mishumaa, unga wa rangi unaoyeyuka kwenye mafuta. Kijiko kimoja cha chai, na pipa zima likawa jekundu. Siku hiyo alinieleza kwa nini anafanya hivyo, tena alieleza kwa kirefu, ameinua kidole. Mimi nilikuwa natafuna muhogo wa kuchoma, mgumu, unaopiga kelele masikioni, nikawa naitikia tu kwa kichwa. Sikusikia hata neno. Miaka yote iliyofuata nilidhani ile rangi ni urembo wa biashara. Baba mdogo akafariki, Mungu amrehemu, akaniachia kibanda, pipa, chupa ya kikohozi, na maelezo ambayo sikuwa nayo.

Miongoni mwa wateja aliowaacha walikuwa ndugu wawili wa Lac Vert, watu walioteremka kutoka milima ya Masisi. Mkubwa aliitwa Papa Bauma, mtu mnene, mzito wa kusema. Mdogo, Papa Mapendo, alikuwa mwembamba na hakunyamaza. Marehemu baba yao aliwaachia tronsoneze moja, nao wakaitumia kwa zamu kupasua mbao, wiki huyu, wiki yule. Mama yao, Koko Feza, aliishi katikati yao kwenye nyumba ya mbao yenye milango miwili, mmoja ukitazama kwa Bauma na mwingine ukitazama kwa Mapendo. Wote tulimwita Koko, maana alikuwa bibi wa kila mtu pale.

Siku moja unga mwekundu uliisha, na fundi wa mishumaa alikuwa amebakiwa na wa kijani peke yake. Nikatia kijani. Nilijiambia oili ni ileile, na kweli ilikuwa ileile. Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Papa Mapendo. Wiki hiyohiyo, bila kuniambia, alikuwa amesafisha kile kisafisha hewa, ambacho kaka yake hakuwahi kukigusa tangu msiba wa baba yao.

Baada ya siku tatu alirudi mbio. "Mama Aziza, hii ya vert ulitoa wapi? Mashine imerudia mutoto! Iko nakata muti mbele hata niuguse!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: Papa, ni rangi ya mishumaa, umesafisha mashine tu. Lakini alikuwa ananisifu mbele ya wateja wengine wanne, na mimi sikuwa nimezoea kusifiwa. Nikatabasamu, nikasema, "Papa Mapendo, wewe uko mutu wa kujua vitu." Naona haya hadi leo.

Kesho yake akaja Bauma, amevimba. "Papa yetu alikuwa natumia rouge. Mwenye anatia vert mu mashine ya papa yetu, anakana papa yetu." Akataka nyekundu, na asipoipata atahama kibanda. Unga mwekundu ulipopatikana, nikagawa pipa langu katika madumu mawili, nusu nyekundu, nusu kijani, nikawa nawauzia wote wawili kitu kimoja kwa uso mkavu.

Ugomvi ulikua. Siku ya kubadilishana mashine, anayeipokea alimwaga tangi lote chini na kulipangusa kwa kitambaa, kisha akawaonyesha majirani kitambaa ili waone uchafu wa mwenzake. Nyumbani kwa Mapendo waliacha kununua nyanya. Nyumbani kwa Bauma waliacha kula sombe, kwa sababu ni ya kijani, na mtu wa Goma akiacha sombe mjue ugonjwa umefika kwenye mifupa. Mke wa Bauma alikuwa akija kwangu kununua mafuta ya taa na kuniuliza kwa sauti ya chini kama lengalenga, ule mchicha wetu, nazo zinahesabiwa. Ndugu hao waliacha kusemeshana. Wakitaka kuambizana jambo, kila mmoja aliliambia kitu kilicho karibu, jiwe, kuku au ukuta, na mwenzake akajibu kwa njia hiyohiyo.

Kumwona mama yao, Bauma alipitia mlango wa upande wake na Mapendo wa upande wake. Koko Feza alikuwa akipika chungu kimoja na kupakua sahani mbili, moja kwa kila mlango. Alisema mbele ya mtu yeyote aliyempitia: "Mi nilizaa watoto wawili. Sikuzaa rangi."

Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na mkaratusi mkubwa alioupanda marehemu. Mnajua ardhi yetu. Chini ni mawe ya volkano, mizizi haina pa kuingia, inatambaa juu juu tu. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na kila mvua ikinyesha mti uliinama kidogo kuelekea nyumba. Ulianza kwa kuchungulia, mwishowe matawi yakawa yanakwaruza bati. Ndugu wote wawili walikubali kwamba lazima ukatwe. Hawakukubaliana ukatwe kwa oili gani. Mti ukiangushwa na nyekundu, nyekundu itakuwa imemwokoa mama. Ukiangushwa na kijani, Bauma atalazimika kuhama Lac Vert kwa aibu. Mashine ikakaa katikati ya uwanja, tangi tupu, ikilindwa na wake zao kwa zamu.

Wakamwambia Koko ahame kwa muda, akakataa. Mke wa Mapendo, Mama Neema, ndiye aliyeniletea habari kibandani. Alikuwa analia kwa hasira. "Anasema hawezi toka mu nyumba. Anasema tangu hii mambo ya rouge na vert ianze, hajaona wale wawili kupita mulango moja. Siku watapita mulango moja, njo atatoka. Mama Aziza, wewe njo unawauzishia hii mambo. Kuja uwaambie."

Nilikaa juu ya pipa langu. Nilimwona yule bibi chini ya ule mti, na juu ya mti nikaiona ile siku yangu ya kutabasamu. Nilichukua chupa ya oili isiyotiwa rangi, chupa yangu ya kikohozi, vikaratasi viwili vya unga wa rangi, kijiko, na bidoni ya esansi. Nikapanda pikipiki ya motari mmoja na kumwambia akimbie. Njia nzima nilikuwa nasali kila sala ninayoijua, na chache za Wakristo.

Tulifika saa tisa alasiri, mawingu yamejaa upande wa Sake. Watu walikuwa wamekwisha kufunga kamba juu ya mti, ndefu, ili wauvute upande usio na nyumba. Waliketi juu ya kamba hiyo wakisubiri rangi. Koko alikuwa ndani, dirishani, anachambua maharagwe. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za magoti yangu.

Nikasimama katikati ya wale ndugu. "Papa Bauma, Papa Mapendo, munisamehe. Mafuta ni moja. Pipa ni moja. Rangi natia mimi mwenyewe, na kijiko ya chai."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, labda kwa mawe. Bauma akageuka, akauambia mti: "Huyu mama wamemutuma."

Mapendo akaiambia kamba: "Anaogopa kupoteza muteja wa rouge, njo maana anasema vile."

Hakuna aliyeniamini! Mtu anakaa na siri miaka, inamkosesha usingizi, na siku anaitoa watu wanamwona mwongo. Niliudhika sana. Nikaomba glasi mbili kwa Koko, nikamimina oili isiyo na rangi katika kila moja, nikawaita wasogee. Nikatia unga mwekundu katika ya kwanza, nikakoroga. Bauma aliinama, akaitazama ikigeuka, macho yakamlegea. "Eeh," akasema, "sasa njo imekuwa mafuta." Nikatia kijani katika ya pili. Mapendo akapiga makofi. "Mumeona? Ilikuwa maji tu, sasa iko na nguvu!" Nikazichanganya zote mbili kwa hasira, zikawa kahawia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka wale ndugu walisema neno moja kwa pamoja: "Umeharibu!"

Ngurumo ikapiga. Mti ukalia kwa ndani, sauti ndefu ya mbao inayojinyonga, na bati la Koko likabonyea kidogo. Watu waliruka kutoka kwenye kamba. Koko alisogeza ungo wake wa maharagwe upande mwingine wa dirisha, akaendelea kuchambua.

Sijui nilichofikiri. Nilimimina ile oili isiyo na rangi ndani ya bidoni kwa chupa yangu ya kikohozi, nikatikisa, nikajaza tangi la tronsoneze, nikaweka mguu juu yake kama nilivyoona watu wakifanya, nikavuta kamba ya kuwashia. Mara ya tatu ikawaka. Vijana, nilikuwa nimeilisha mashine hiyo miaka mingi na sikuwahi hata siku moja kuishika ikiwaka. Niliinyanyua, ikaninyanyua na mimi. Nilikuwa naelekea kwenye mti, lakini mashine ilikuwa inaelekea kwa motari. Alikimbia akapanda ukuta wa mawe akiwa na kofia yake kichwani. Nilikuwa napiga kelele, mnyororo unazunguka, kitenge kinafunguka, na watu wote wa Lac Vert wanalala chini kifudifudi.

Wale ndugu walinirukia kwa pamoja. Bauma alinikamata kiunoni, Mapendo akaninyang'anya mashine, na kwa kuwa tayari ilikuwa inawaka na mti ulikuwa unalia, hakuna aliyeuliza tangini mna nini. Mapendo alikata mkato wa kwanza upande ambao mti ulitakiwa kuangukia, akahamia nyuma. Bauma akapiga kabari za mbao kwenye mkato huo wa nyuma, moja baada ya nyingine, kwa nyundo kubwa. Watu wakavuta kamba. Mti ulisita, ukanyooka, ukaonekana umebadili mawazo, kisha ukaenda upande wa pili wote, ukaangukia choo cha Mapendo, ambacho kilikuwa tupu, nashukuru Mungu.

Nyumba ilikuwa salama. Nililia hadharani, nikiwa nimekaa chini na kitenge mkononi. Wale ndugu wakatupa walichoshika wakakimbia kumwona mama yao, Bauma kupitia mlango wake na Mapendo kupitia mlango wake, wakagongana vifua ndani, wakaanza kubishana ilikuwa rangi gani.

"Haikuwa na rangi!" nikapiga kelele kutoka nje. "Kama maji!"

Walitoka, kila mmoja kwa mlango wake, wakachungulia ndani ya tangi. Kisha kila mmoja akaiambia mashine kwamba alikuwa ameshuku tangu zamani kuwa isiyo na rangi ndiyo bora. Mvua ikaanza. Koko Feza akanipa chai, akaniambia kwa upole kwamba yeye bado hatoki. Aliniuliza kama niliona milango ilivyotumika. Niliona.

Na hakutoka. Mti ulikuwa chini, hatari imekwisha, lakini bibi yule aliacha soko, akaacha kanisa, akakaa ndani ya mbao zake akipakua sahani mbili. Moyo uliniuma kuliko wakati wa mti. Ule mti ulikuwa wa mvua, lakini kifungo kile kilikuwa changu.

Nikaamua kuwa mkweli mpaka mwisho. Niliurudisha unga kwa fundi wa mishumaa, nikasema katika kibanda changu hakutatiwa tena uongo wa rangi. Ndugu wote wawili wakanunua oili safi, ileile, na nikajisifu kwa majirani kwamba ukweli unauzika. Kama wiki tatu hivi nilitembea Ndosho kichwa juu.

Asubuhi moja nikasikia kelele zikija barabarani, sauti mbili zinazosema maneno yaleyale kwa wakati mmoja. Nikainua kichwa. Walikuwa Bauma na Mapendo, wameibeba tronsoneze kati yao, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama watu wanaopeleka mgonjwa. Mashine ilikuwa imekufa. Pistoni imeng'ang'ania silinda.

Ilikuwa hivi. Stoo kwao palikuwa na bidoni mbili. Moja ilikuwa esansi iliyochanganywa, nyingine esansi tupu ya pikipiki. Zamani ile yenye rangi ndiyo ilikuwa na oili, hata mtoto aliijua. Sasa zote zilikuwa sawa kwa macho. Bauma alichukua ile tupu, akajaza, Mapendo akapokea mashine kwa zamu yake bila kumwaga tangi, maana oili sasa ni moja, akakata, sauti ikapanda vizuri sana, na mmoja wao, bado wanabishana ni nani, akasema, "Ona sasa, iko natembea muzuri!"

Nilisimama pale na muhogo wote ule ukanirudia mdomoni. Hayo ndiyo aliyokuwa akinieleza baba mdogo, ameinua kidole! Rangi haikuwa urembo wala uongo. Inawekwa ili mtu aone kwa macho kwamba oili imeingia. Nyekundu, kijani, buluu, yoyote, mradi ionekane, na mradi muuzaji aseme wazi kwamba ni alama tu. Mimi nilikuwa nimeitupa rangi nikidhani nautupa uongo, wakati uongo ulikuwa ule ukimya wangu.

"Mama Aziza, umetuua!" walisema wote wawili. "Mashine ya papa yetu!" Wakataka kuingia kwa nguvu. Lakini mlango wa kibanda changu ni mmoja, tena mwembamba, na wao walikuwa wamebeba mashine kati yao na Bauma ni mnene. Wakakwama. Bega la Bauma upande huu, bega la Mapendo upande ule, mashine katikati, wananitukana kwa sauti moja kama kwaya.

Nikaanza kucheka. Nilijaribu kujizuia, machozi yakanitoka. Walizidi kunitukana, nami nikazidi kucheka, na katikati ya hayo nilimwita yule motari wangu aliyekuwa akisubiri abiria nje: "Toa simu! Piga picha mbio, mbele hawajajitoa!"

Alipiga picha, akaruka kwenye pikipiki, akaenda Lac Vert bila hata kuniuliza kwa nani. Wale ndugu walikuja kujinasua wakati nimekwisha kuteremsha pistoni mpya kutoka kwenye rafu. Niliifunga mwenyewe pale pale, nikamwaga nyekundu na kijani zilizobaki kwenye yale madumu, na unga wa buluu wa fundi wa mishumaa nikautia kwenye bidoni yao mpya. Walikuwa bado wananifokea, mmoja anaanza sentensi na mwingine anaimaliza, wanatazamana usoni wakikubaliana kwamba mimi ni mtu mbaya.

Kabla ya saa sita pikipiki ilirudi. Nyuma ya motari alikuwa ameketi Koko Feza, kitenge cha kanisani, kofia ya motari imemfunika mpaka kwenye pua. Aliteremka, akaitazama tena ile picha kwenye simu, akautazama mlango wangu, akaupima kwa mikono miwili kuhakikisha. Kisha akaingia, akaketi juu ya pipa langu.

"Sasa wewe Aziza," akasema, "umeharibu mashine ya bwana yangu." Na akanishika mkono, akaubana sana, hakuuachia.

Basi hiyo ndiyo rangi, vijana. Yoyote inayoonekana. Wale ndugu ndio wateja wawili niliowapoteza, wakahamia kibanda cha ng'ambo ya barabara. Kila Jumamosi, mpaka nilipostaafu, walipita mbele yangu pamoja kwenda kununua oili, Bauma mbele, Mapendo nyuma anaongea, na kila Jumamosi walikataa kunisalimia, wote wawili, kwa wakati mmoja. Sijawahi kufurahi hivyo.